Kinga Iliyoshuka: Maisha ya Ghorofa, Fundi wa Lifti

Ndugu, jamaa na majirani, poleni na msiba, haya ni maisha ya mpendwa wetu Ghorofa, yanasomwa na dada yake mkubwa, ambaye anaomba avumiliwe akikwama, maana mengine hata yeye bado hayajamwingia akilini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli hadi 1987, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1993. Januari 1994 aliajiriwa kutunza lifti za jengo la bima, na miaka yote alipanda kwa ngazi, akisema mpishi anayejua kilichomo chunguni hana haraka ya kula.

Tarehe 17 Juni 2000 alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wako hapa na mama yao.

Agosti 2021 Ghorofa alivimba miguu na uso, mkojo ukawa na povu, ngazi zikamshinda, na hospitali wakasema kinga ya mwili wake mwenyewe inazishambulia figo zake. Hapo ukoo ulipotea njia, kwa sababu vipimo vilionyesha protini fulani za kinga, ambazo daktari aliziita komplementi, zimeshuka sana kwenye damu, basi baba mdogo, kwa mapenzi mema, akaleta chupa za dawa ya kuipandisha kinga, na mke akazimwaga kwenye sinki, akaendelea kumpa mumewe vidonge vya hospitali, ambavyo kazi yake, jamani, ilikuwa kuituliza kinga hiyo hiyo. Maneno yakatembea kwamba anammaliza mume ili abaki na nyumba.

Daktari alituita, akaeleza kwamba protini hizo zimepungua kwenye damu kwa kuwa zinatumika ovyo ndani ya figo na kuziunguza, wote tukaitikia kwa vichwa, tukatoka nje tukaulizana amesema nini. Ghorofa akamwambia dada yake kwamba umeme ukipungua jengoni kwa sababu waya umeshika moto mahali, fundi haongezi umeme, anautuliza kwanza. Dada alielewa siku ile, kesho yake akachanganyikiwa tena.

Alichokiona kwa macho ni kwamba kwa vidonge vile uvimbe ulishuka, na mdogo wake akarudi kazini, akamwona binti mkubwa akihitimu. Januari 2024 ugonjwa uliamka upya, figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu kwa mashine, hadi tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, alipotutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufagia, na mafundi wenzake waliobeba jeneza kwa ngazi za hospitali, si kwa lifti, kama alivyopenda. Jana baba mdogo aliomba sentensi inayofuata ifutwe, na dada, kwa heshima zote, ameiacha, kwa kuwa marehemu aliomba isomwe kabla hajazikwa: mke wangu hakuniua, alinirefushia maisha, na nyumba ni yake na wanangu.

Wifi, njoo ukae huku mbele.

Nawe Ghorofa, mdogo wetu, lala kwa amani, ngazi zimekwisha.