Mzee Silima Mcha na Fundo la Mti wa Tisa

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya vikao viwili ambavyo mjumbe wake pekee nilikuwa mimi, stoo inawatangazia wafanyakazi wote kwamba kuanzia Jumamosi, tarehe mosi Julai 1972, msumari ulio nyuma ya mlango wa stoo utakuwa wazi. Ni msumari wa inchi nne, umepinda kidogo kuelekea kibla, na kwa miaka minane umebeba kofia moja tu. Maombi ya kuutumia yasiletwe. Karani wa stoo, ambaye ndiye mimi, ameshaamua kwamba utabaki mtupu.

Mwenye kofia ni Mzee Silima Mcha, ambaye Ijumaa ya tarehe thelathini Juni anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya ujenzi, minane ya mwisho akiwa mwalimu wa usalama wa vibarua wapya. Kila asubuhi alivua kofia yake ya kiua, iliyoshonwa na mkewe Bi Mwanakheri, akaitundika kwenye msumari huo, akavaa kofia ngumu, akatoka nje kuwatisha watu kwa upole.

Bi Kidawa, mpiga taipu wetu, alinikabidhi faili la Mzee Silima ili nichote humo wasifu huu. Kwa mtu wa miaka yote hiyo, faili ni jembamba. Lina sifa, lina karatasi za likizo, na lina mstari mmoja wa Mei 1966 unaosema kwamba mwalimu wa usalama alianguka kutoka jukwaani kwa kupanda mti usiokaguliwa, kinyume na mafunzo yake mwenyewe. Mstari huo ukinakiliwa katika jarida letu, ndivyo wajukuu zake watakavyomsoma. Bi Kidawa aliniuliza kama auruke. Nilimwambia asiuruke, ila aniachie nafasi mwishoni. Nitaufikia.

Mzee Silima ni mzaliwa wa Bwejuu. Mama yake, Bi Sichana, alikuwa msokotaji wa kamba za usumba, yaani zile za makumbi ya nazi yanayofukiwa pwani miezi mingi, yakafukuliwa yananuka, yakapondwa, kisha yakasokotwa juu ya paja. Kwa hiyo mtu huyu aliijua kamba kabla hajaijua alifu. Mwaka 1938 alikuja mjini akawa kibarua wa mafundi wa Mji Mkongwe, akipandisha karai za chokaa kwenye ngazi ambazo, kwa maelezo yake, zilijengwa kwa ajili ya paka. Akawa fundi wa kuta za mawe, na fundi wa kutajwa. Ilipofika 1964, majumba mapya yakaanza kuinuka Ng'ambo na watu wakaja kujenga kutoka kila pembe ya Unguja, wenye ari tele na wasio na viatu. Palihitajika mtu wa kuwafundisha namna ya kumaliza siku na viungo vyote walivyokuja navyo. Akatafutwa yeye.

Mimi nilijiunga Januari 1966, nikiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Kabla ya hapo nilikuwa muuza nguo Darajani, na kitu kizito nilichowahi kukinyanyua ni jora la bafta. Siku ya kwanza sikupewa mwiko wala karai. Mzee Silima aliita siku hiyo siku ya macho. Unazunguka eneo lote mikono mitupu, ukihesabu vitu vinavyoweza kukuumiza, kisha unakuja kumwambia. Nilizunguka, nikakaa juu ya kasha, nikamwambia nimeona vitu vitatu. Yeye alikuwa amehesabu arobaini na kimoja. "Cha arobaini na moja," akasema, "umekikalia." Nilisimama taratibu. Ulikuwa msumari, nao ulikuwa umeshaanza kujuana na suruali yangu.

Wengi mtakumbuka jinsi alivyowafundisha watu kujipaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kugusa chokaa, na kuweka ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya macho. Mtakumbuka pia ile siku kina mama walipokuja kujitolea, akawaamuru wote wafunge kanga zao barabara kabla ya kuisogelea mashine ya zege. Bi Tabia, ambaye hajapata kuamrishwa akanyamaza, alimwambia, "Mzee, mbona unatufunga kama mizigo ya karafuu?" Naye akajibu, "Mzigo wa karafuu hauna vidole vya kupoteza, mwanangu." Bi Tabia alifunga kanga. Vidole vyake kumi bado anavyo, na huvinyoosha usoni mwa watu kila wanapobishana naye.

Fundi mmoja mkongwe, aliyeacha mbao zenye misumari imesimama, alipoambiwa azigeuze alisema ajali ni kudra ya Mungu. "Kudra ni ya Mungu," Mzee Silima akakubali, "ubao ni wako." Fundi akaugeuza.

Na liko swali lake maarufu, ambalo kila kikundi kipya huulizwa kabla ya chai ya saa nne: "Nani kati yenu anaogopa kupanda juu? Aseme sasa, kazi za chini nshazipanga tele." Watu hucheka. Mwaka jana bwana mmoja wa Mkokotoni, mwenye kifua kama mlango wa Kihindi, alijibu, "Mie, Mzee, naogopa hata baiskeli." Wenzake walimzomea mpaka mchana. Leo ndiye mchimbaji wetu bora wa misingi. Wengi hudhani swali lile ni mzaha wa Mzee. Si mzaha, na lina tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa nifike nilikoahidi.

Majukwaa yetu ni ya miti iliyosimamishwa na boriti za kukanyagia, zote zimefungwa kwa kamba za usumba. Kamba hiyo ikirowa huvimba na kubana, ukadhani imekuwa chuma. Jua likitoka, ikikauka, hulegea. Mtoto wa Bi Sichana alilijua hilo tangu alipokuwa akilala juu ya robota za kamba. Ndiyo maana aliweka kanuni yake: kila asubuhi, aliyefunga fundo ndiye anayepanda kulitikisa na kulikaza, kisha anashuka na kutia alama ya chaki kwenye mti wake. Jioni chaki hufutwa, kama mvua haijaifuta, kwa hiyo alama ya jana haiwezi kujifanya ya leo. Mti usio na alama haupandwi. Na zikishatiwa alama zote, mtu wa kwanza kupita juu ni yeye mwalimu. "Fundo lako, mguu wangu," alikuwa akisema. Aliona kwamba mtu hukaza vizuri zaidi anapojua nani atakanyaga.

Mei ile masika ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku hizo tatu ndizo nilizofunga miti yangu tisa, huku Masoud, fundi mwenzetu, akinishika shati kwa nyuma, kwa sababu magoti yangu yalikuwa na maoni yao kuhusu kimo. Sikumwambia mtu mwingine. Mwanamume wa miaka thelathini na sita, mwenye watoto wanne, atasema nini? Siku ya nne jua likatoka kali. Kazi ilichelewa kuanza, na Masoud alikuwa ameitwa upande wa pili. Nikautazama mti wa kwanza, nikatazama juu, nikatoa chaki mfukoni. Nikatia alama miti yote tisa nikiwa nimesimama chini mchangani. Alama zilikuwa nzuri sana. Mwandiko wangu haujapata kulaumiwa.

Mzee Silima alipanda. Akapita mti wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane. Kwenye wa tisa, fundo la juu liliachia, boriti ya kukanyagia ikazama upande mmoja, naye akaja chini. Mchanga ulimpokea mwili, lakini paja lilipiga ukingo wa pipa la maji. Nilisikia mlio wake, na sitausimulia.

Nilifika wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu, na nilikuwa karibu kwa kuwa sikupanda. Alikuwa amelala chali, uso umekuwa wa jivu. Aliutazama mti wa tisa, na alama yangu nyeupe juu yake. Kisha akanitazama mimi. Nadhani hakuhitaji nimwambie. Nyayo zangu zilikuwa mchangani kutoka mti hadi mti, na hapakuwa na tone la tope kwenye boriti hata moja. Huyo ndiye mtu aliyehesabu arobaini na kimoja. Watu walikuwa wanakuja mbio. Alisema neno moja: "Futa."

Nilifuta kwa mkono wa shati.

Vijana wasielewe vibaya uzito wa neno hilo. Siku zile majumba yale yalikuwa kazi ya umma, na neno hujuma halikuwa mbali na midomo ya watu. Alama ya uongo kwenye mti ulioangusha mtu isingeitwa woga. Ingeitwa jina jingine, na mwenyewe angetakiwa kulieleza mahali ambapo sikutamani kwenda. Lakini mti usio na alama maana yake ilikuwa moja tu: mwalimu amepanda bila ya kutazama. Masoud alipomuuliza imekuwaje, akamjibu akiwa juu ya ubao wa kubebea, "Nilikuwa na haraka. Sikutazama alama." Ndivyo lilivyoandikwa faili.

Alilala miezi minne. Mwezi ule ule alioanguka alikuwa anatarajiwa kuwa fomeni, na nafasi ikapewa Masoud, ambaye ni fomeni mwema na hana kosa lolote katika hadithi hii. Mzee Silima alirudi na bakora, akarudi kwa vibarua wapya, na hao wakaambizana kwamba huyu ndiye mwalimu wa kutoanguka aliyeanguka. Alicheka pamoja nao. Nilikuwapo, nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia.

Nilikwenda kumtazama hospitali mara nyingi nisiseme la maana. Siku moja akanirahisishia. "Muhiddin, kuogopa kupanda si aibu," akasema. "Aibu ni chaki. Ungenambia tu, ningekupa kazi ya chini." Wiki ile ile nikahamishiwa stoo. Mnaosema kwamba nilihamishwa kwa sababu ya ufundi wangu wa hesabu, ahsanteni, ila aliyeniombea alikuwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Na aliporudi kazini, kwa kikundi cha kwanza alichokipokea, aliuliza swali ambalo hakuwa ameliuliza kabla: nani anaogopa kupanda juu. Ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwake. Tangu hapo amewafundisha watu zaidi ya mia sita, na hakuna hata mmoja aliyebebwa kwa ubao.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwake Amani, nikamwambia nitaliandika jambo hili, naye akatae kama hataki. Akasema, "Andika. Lakini usiniandike mie sana, andika kamba. Mguu wangu haumsomeshi mtu." Bi Mwanakheri alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Akaliweka chini. "Miaka sita namkanda mguu huu," akasema, "na kila nikimkanda namsimanga kwa uzembe wake. Kumbe mguu una mwenyewe mwengine." Kisha akaniagiza mafuta ya kukandia, chupa kubwa, kila mwezi. Nimeshapeleka ya kwanza.

Basi, Bi Kidawa, mstari wa Mei 1966 upige hivi: Mti wa tisa ulikuwa na alama. Mwalimu aliitazama, akaiamini, kama anavyopaswa mwalimu kuiamini. Aliyetia alama hakupanda, jina lake ni Muhiddin, karani wa stoo, na kwa miaka sita aliyeubeba mzigo huo alikuwa mtu mwingine, kwa mguu mmoja.

Mzee Silima Mcha, sisi sote tulio na vidole kumi na macho mawili tunakushukuru. Mungu akupe umri mrefu, afya, na nyumba isiyo na ngazi. Kofia yako sasa itundike kwako. Msumari wetu utabaki hapa, na kibarua mpya akiuliza ni wa nani, nitamweleza kuhusu kamba.