Siku Mkono wa Ndoo Ulipochomoka: Kumuaga Mwalimu Wetu wa Fizikia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha fizikia katika shule hii, mwalimu ambaye wanafunzi wote wamemwita Mama Ndoo atakabidhi funguo za maabara na kustaafu rasmi. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, mwalimu wa historia, kazi ya kuandika wasifu wake. Sababu niliyopewa ni kwamba nimekaa naye meza moja katika chumba cha walimu kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine. Sababu ya kweli, nadhani, ni kwamba walitaka wasifu ambao hata mtu asiyejua fizikia kabisa ataweza kuufuata. Wakamtafuta mtu wa namna hiyo, wakanipata bila kuhangaika.

Alifika hapa akiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa. Alikuta maabara yenye meza nzuri na makabati matupu. Mizani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na maoni yake binafsi kuhusu uzito. Akaomba vifaa, akaambiwa avute subira. Akaona subira haifundishi mtu, akashuka jikoni kuazima ndoo ya bati kwa dakika chache. Mpishi wetu anaingoja ndoo hiyo mpaka leo, na kila akimwona hujishika kiuno na kusema, "Huyo, mwizi wangu huyo."

Kwa ndoo hiyo moja alifundisha karibu kila kitu. Alimvisha mwanafunzi mfuko wa plastiki mkononi na kumwambia auzamishe majini. Mfuko ukakumbatia vidole kutoka kila upande, na darasa zima likaelewa shinikizo la maji kabla hajaandika neno ubaoni. Waliobeba maji kutoka bombani na kufika wamelowa magoti aliwaonyesha kwamba maji yanayumba kwa mwendo wao, hatua zao na maji vikipatana yanaruka nje. Badilisheni mwendo, aliwaambia, au wekeni sahani ielee juu. Akina mama wa mtaani walianza kuuliza wanetu siku hizi wamekuwaje, mbona nguo kavu.

Bomba la chumba cha walimu analijua kwa masikio. Anaweza kuwa amelipa kisogo, anasahihisha mitihani, ghafla anasema bila kugeuka, "Funga, imejaa." Kwa muda mrefu tuliamini ana macho ya ziada. Alitueleza kwamba maji yakipanda, nafasi ya hewa ndani ya ndoo inafupika, na sauti inazidi kuwa nyembamba. Nimejaribu mbinu hiyo mwenyewe. Zulia la chumba cha walimu ni shahidi.

Lakini fahari yake ilikuwa kuzungusha. Alishika ndoo yenye maji, akaizungusha kutoka chini, mbele, juu ya kichwa hadi nyuma, na tone halikudondoka. Maji, alieleza, yakishaanza mwendo yanataka kwenda zake moja kwa moja. Ndoo ndiyo inayoyakatalia na kuyakunja kila wakati, kwa hiyo hata yakiwa juu hayapati nafasi ya kuanguka. Siri ni kutopunguza kasi. Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mama mkwe. Ndoo ilipofika juu nilisita kidogo kuangalia kama maji bado yamo. Yalikuwemo. Kesho yake Mama Ndoo aliyasikia mafua yangu, akasema watu wa historia tuna tabia ya kusimama katikati ya safari kutazama tulikotoka.

Sasa niseme jambo ambalo walimu wapya hawalijui. Kuna mwaka fizikia ilikaribia kufutwa hapa. Vifaa vilikuwa havijaja, wanafunzi wanaolichagua somo walikuwa wachache kiasi cha kuenea benchi moja, na bodi ya shule ikaamua: kidato cha pili wakichagua masomo, fizikia isipopata darasa kamili, ifungwe, na mwalimu wake ahamishiwe mbali. Kwake hilo lilimaanisha kuiacha nyumba na mume wake, fundi bomba mwenye wateja wake hapa hapa. Kwa wasichana waliotaka uuguzi na vijana waliotaka ufundi umeme, mlango ulikuwa unafungwa mbele ya pua zao. Mama Ndoo hakulalamika. Aliomba kitu kimoja, kipindi kimoja uwanjani na kidato cha pili wote, bodi ikiwepo.

Siku hiyo kila kitu kilienda kombo. Mpishi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa ameikomboa ndoo yake ya bati kwa siku moja na kuijaza maharage. Ikabidi Mama Ndoo achukue ndoo ya plastiki ya msafishaji, ile iliyowahi kubeba rangi ya kupaka ukuta. Kawaida huuvuta mkono wa ndoo kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Safari hii kengele ilikuwa imelia na mwenyekiti wa bodi ameshaketi mbele, miguu ameikunja, saa anaitazama.

Akazungusha mara ya kwanza, watoto wakapiga makofi. Mara ya pili, ndoo ikiwa chini kabisa ikielekea mbele, mkono ukachomoka. Ndoo ilifyatuka, ikateleza juu ya nyasi na kumwaga maji yote ndani ya viatu vya mwenyekiti.

Mimi niliangalia mawingu. Mkuu wa shule alifungua mdomo na kusahau kuufunga. Nilijua, na nadhani wote tulijua, kwamba fizikia imekufa mbele ya macho yetu.

Ndipo msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema, si kama anayeuliza bali kama mtu anayelalamika, "Lakini mbona haikwenda chini? Mkono wa mwalimu ulikuwa umenyooka chini!"

Mama Ndoo, aliyekuwa ameanza kumwendea mwenyekiti kumwomba radhi, akageuka katikati ya njia. "Rudia hilo swali, mwanangu."

Msichana akarudia. Wengine wakadakia. Mmoja akasema ndoo inavutwa nje, ingetoboa ardhi. Mwenzake akamwambia, "Nje wapi, we huoni ilikoenda?" Makelele yakapanda, na juu ya makelele tukasikia sauti ya mwenyekiti, kiatu kimoja mkononi akikimimina: "Hata mimi nataka jibu. Viatu ni vyangu."

Mama Ndoo alijibu kwa kuleta mpira uliofungwa kwenye kamba. Alizungusha, akaachia, wakaona. Akaachia tena mahali pengine, wakabishana, wakaona. Kila mara ulienda moja kwa moja kule ulikokuwa unaelekea wakati wa kuachiwa. Mwenyekiti alibaki pekupeku hadi mwisho wa kipindi na akaomba zamu yake ya kuzungusha. Viatu vyake vilianikwa kwenye ukuta wa jikoni, chini ya ulinzi wa mpishi.

Wiki ile kidato cha pili kilipochagua masomo, benchi za maabara hazikutosha, wakaja kuzichukua za darasa langu. Historia ilisomwa kwa kusimama muhula mzima. Fizikia haikufutwa, na mwalimu wake hakuhamishwa.

Tangu hapo ametengeneza wauguzi, mafundi umeme, wahandisi kadhaa na, kwa upande wangu, mtu mmoja anayeogopa ndoo. Amelea walimu vijana kama wadogo zake, akiwakemea mchana na kuwagawia chai saa ya mapumziko. Sasa mume wake anamsubiri nyumbani, na tunasikia wameshaanza kubishana jinsi ya kupitisha bomba la jikoni. Tunamwonea huruma mume.

Bodi imeshatafuta wa kushika nafasi yake. Somo lililokuwa likikosa watu wa kujaza benchi moja sasa lina vipindi vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kubeba. Wameajiriwa walimu wawili.

Asante, dada yetu. Pumzika vizuri, cheka sana, na afya ikushike mkono kila uendako.