Kichwa cha Thelathini na Tisa

Benchi la mbele ya soko kuu la Dijon, Ufaransa, lina wenyewe. Kushoto hukaa Muhuri, karani mstaafu wa serikali, ambaye kwa miaka thelathini na mitano hakumwambia mtu "hapana". Aliwaambia tu kwamba fomu waliyojaza ni ya mwaka jana. Katikati hukaa Usiguse, mlinzi mstaafu wa makumbusho, aliyebatizwa kwa neno alilolitamka kuliko yote maishani mwake. Kulia ni Bi Haradali, muuza haradali, ambaye akinong'ona njiwa huruka. Alhamisi hiyo, saa sita kasoro dakika chache, kahawa ikiwa nusu kikombe, akaja kuketi nao Clotilde, mwalimu wa historia kutoka Lille. Mikononi alishika jalada la buluu kama mtu aliyebeba kichanga cha mwenzake.

— Nina wanafunzi thelathini na wanane, alisema, hata salamu hakutoa. Nimewahesabu ndani ya basi mara tatu. Wako thelathini na tisa.

— Hongera, alisema Bi Haradali. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hongera gani, mama? Mkuu wa shule kaapa: kosa moja tu, safari hizi zinafutwa. Na saa saba na nusu tunatakiwa kuanza kwenda Lyon. Makumbusho ya huko yametupangia zamu yetu, tukichelewa hatuingii.

Muhuri alinyoosha mkono, akapewa jalada. Alilifungua taratibu, kama daktari anayetazama picha ya mbavu.

— Mwanafunzi kupungua kuna fomu yake, alisema. Kuzidi hakuna. Serikali haikuwahi kufikiria kwamba yupo kijana atakayejipeleka makumbusho bila kulazimishwa.

— Labda umejihesabu mwenyewe, mwalimu, alisema Usiguse.

— Nafundisha historia, bwana, lakini hadi arobaini nafika.

Bi Haradali alimsogelea.

— Asubuhi mmempapasa bundi wa jiwe pale kanisani?

— Nani anapita Dijon bila kumpapasa?

— Kwa mkono upi?

— Wa kushoto. Wachache, labda, wa kulia.

— Basi! Wa kushoto ni bahati, wa kulia ni mtoto. Binamu yangu wa Beaune alimpapasa kwa mikono yote miwili. Mapacha!

— Bundi, bundi! alifoka Usiguse. Mwalimu, makaburi ya watawala wa kale pale makumbusho kwetu mmeyaona? Wale waombolezaji wadogo wa mawe waliozunguka chini yake, umewahesabu?

— Niwahesabu wa nini?

— Mimi nimewahesabu kila jioni, miaka ishirini na saba. Wanalia tangu enzi hizo, likizo hawajaonja. Kuna mmoja kajifunika kofia ya joho, hatazami kaburi hata kidogo. Anatazama mlango! Huyo wako wa ziada kajifunika kofia?

— Wote wamejifunika. Ni vijana.

— Unaona alivyojipanga?

Muhuri aliinua kidole.

— Nyie watoto. Huyo ni mkaguzi wa wizara. Wanamtuma ajifanye mwanafunzi, waone kama walimu wanajua kuhesabu.

— Mkaguzi wa miaka mingapi? aliuliza Bi Haradali.

— Hamsini na miwili. Lakini kanyolewa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu yupo, na lake halipo. Hiyo ni mbaya zaidi.

Clotilde alitazama basi lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, wanafunzi wote wakiwa bado ndani.

— Namjua, alisema. Hesabu ya tatu nilimwona uso.

Vikombe vitatu vilisimama hewani.

Anaitwa Ninon, akawaeleza. Mwaka jana aliugua hapa hapa Dijon, siku ya kwanza ya safari kama hii. Baba yake akaja kumchukua. Wenzake waliona Lyon, Avignon na Marseille. Yeye aliona dari ya hospitali. Mwaka huu aliomba tena, shule ikamjibu kwa barua kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu alishasafiri, na hakuna anayesafiri mara mbili. Kwa hiyo saa kumi alfajiri alijipenyeza kiti cha nyuma, chini ya rundo la majaketi, na hajatoka tangu hapo.

— Nimempigia mama yake. Kasema yeye karidhia, fomu ndiyo iliyokataa.

— Basi nenda naye, alisema Bi Haradali.

— Kwenda naye kunataka muhuri wa mkuu, alisema Muhuri.

— Basi abaki kwangu.

— Kumwacha mtoto kunataka muhuri wa mkuu huyo huyo. Kumrudisha kwa treni kunataka msindikizaji, na kibali cha msindikizaji ni wiki sita.

— Sasa kisheria afanye nini? aliuliza Clotilde.

— Kisheria? Asiwepo.

— Aje makumbusho! alisema Usiguse. Asimame kando ya kaburi, kimya, hadi mwakani. Hakuna atakayemgusa.

— Atavaa aproni, atauza haradali!

— Bila kibali cha kazi?

Kelele zilikuwa zimefika hadi meza za samaki sokoni pale mlango wa mkahawa wa jirani, walikoandaliwa wanafunzi chakula cha mchana, ulipofunguka. Alitoka Huguette, mpishi, mwiko mkononi. Saa sita na dakika kumi, na meza ya watu thelathini na wanane haina hata mmoja.

— Mwalimu, mayai yangu ya mchuzi wa divai hayamsubiri mtu. Kuna nini?

Wakamweleza, wote wanne kwa mpigo. Huguette alisikiliza hadi mwisho.

— Huyo mtoto, tangu alfajiri, amekula nini?

Muhuri alipekua jalada, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba jibu lingekuwamo. Clotilde alisimama. Alikuwa amehesabu vichwa mara tatu. Matumbo hakuyahesabu hata mara moja.

Alivuka barabara, akagonga kioo cha nyuma.

— Ninon! Shuka ule.

Aliporudi, alilichukua jalada mapajani mwa Muhuri, akaandika chini kabisa ya orodha ya wanafunzi, kwa wino, jina la thelathini na tisa. Muhuri alivua miwani, akaitia mfukoni.

— Na mkuu akipiga simu? aliuliza Usiguse.

— Mwambieni tuko mezani, alisema Clotilde.

Muhuri alitikisa kichwa kukubali. Hilo, alisema, hata wizara hulielewa.