Haitham Kaweka Kikombe Chini

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha Mercedes iliyojifia zamani. Nilikitoa mwenyewe, nikakivika ngozi mpya, nikakiweka nje ya karakana yangu ya makochi, nyuma ya soko la mboga hapa Irbid. Wanaokikalia ni walewale. Kuna Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, lakini usimkumbushe. Kuna Redio, dereva wa teksi, mtu wa habari zisizo na kituo. Na kuna Haitham, muuza vipuri, ambaye mtaa mzima humwita Abu Fawaz, baba wa Fawaz, tangu hajaota ndevu. Marehemu baba yake aliitwa Fawaz, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hurudisha jina la babu, kwa hiyo watu huanza kukuita mapema. Ndevu zikaota, mke akaja, mabinti wakaja. Fawaz hajaja.

Alasiri ile Haitham alikuwa anatoka hospitali. Binti wa tatu kazaliwa juzi, mama yake bado amelazwa. Tukampa pongezi zake, Jenerali akafungua chupa yake na kummiminia kahawa chungu ya iliki. Haitham akaipokea, akakiweka kikombe chini kando ya kiatu, wala hakuonja.

Tukatazamana. Kwetu mtu akiweka kikombe chini ana ombi, na hanywi mpaka akubaliwe. Lakini hayo ni mambo ya wazee wenye majoho, wameenda kuposa au kuomba suluhu ya damu iliyomwagika. Sikuwahi kuona mtu akiyafanya mbele ya kiti cha gari.

— Sema, mwanangu, Jenerali akamwambia. Umeua?

— Sijaua, ami. Naomba kuanzia leo mniite Abu Sundus.

Sundus ndiye binti yake mkubwa, ana miaka sita. Redio alicheka mpaka kahawa ikampalia, ikabidi nimpige mgongoni.

— Ujiite kwa mtoto wa kike, na masharubu yote hayo?

— Yeye ndiye aliyenifanya baba. Huyo Fawaz kanifanyia nini?

Jenerali akamtuliza kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. Alisema Fawaz anachelewa tu, na wahenga hawakukosea, haraka haraka haina baraka. Haitham akatikisa kichwa. Mkewe kapasuliwa mara ya tatu sasa, amechoka, na wamekaa wawili wakakubaliana kwamba mabinti watatu wanatosha. Asiyekubali ni mama yake Haitham. Mama huyo ameshaanza kumtajia binti wa jirani, awe mke wa pili, na anamtaja mbele ya watoto bila haya.

— Na kila mnaponiita Abu Fawaz, mnampa mama nguvu. Ananiambia, unaona, hata mtaa unamngoja.

Nilimwonea huruma, kwa sababu yule mkewe anampenda na sote tunajua. Lakini huruma si kitu cha kutangulizwa kijiweni, na Redio alikuwa keshapata pa kuanzia.

— Kule kwa wakwe zangu kuna mtu alijiita hivyohivyo. Mwaka haukuisha, ndevu zikagoma upande mmoja.

— Upande gani? nikauliza.

— Wa kushoto, wa moyo. Kisha sauti ikanyauka, akipiga simu anaitwa bibie. Mwisho jogoo wake akataga.

— Wewe yai uliliona?

— Nililikaanga. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Jenerali hakukubali kupitwa kwenye uwanja wake. Akatueleza juu ya sajini mmoja aliyekuwa akisuka nywele za binti zake kila asubuhi kabla ya gwaride. Siku ya mazoezi, akigusa mzinga yeye, mzinga haulii. Akigusa mwingine, unalia. Mzinga una pua, alisema Jenerali, unanusa mafuta ya nywele. Redio akaongeza kwamba hata mvua kupungua miaka hii ni kwa ajili ya kina baba wa namna hiyo, wanaosukuma vigari vya watoto barabarani mchana kweupe.

— Mimi nasuka, akasema Haitham.

— Unasuka nini?

— Nywele. Mama yao yuko hospitali, nani atasuka? Leo nimemsuka Sundus. Haikutoka vizuri, lakini alikaa kimya mpaka nikamaliza.

Jenerali akajifanya anaikoroga kahawa isiyo na sukari. Kikombe cha Haitham kilikuwa palepale chini, hakitoi mvuke tena.

Hapo ndipo tulipomwona Sundus mwenyewe anakuja, katumwa na bibi yake amwite baba. Mikia yake ya nywele ilikuwa miwili, mmoja juu ya sikio, mwingine chini kabisa shingoni.

— Abu Fawaz, mgeni wako huyo, akasema Redio, kwa makusudi.

Mtoto hakwenda kwa baba yake. Alitutazama mmoja mmoja, akamchagua Jenerali, nadhani kwa sababu ya mvi.

— Ami, Fawaz anakuja lini?

— Nani kakwambia anakuja?

— Bibi. Kasema akija nimpishe kitanda cha dirishani. Nimeshatoa wanasesere wangu wote, nalala na mdogo wangu. Nangoja, haji. Anakuja lini?

Mimi nilikuwa na sindano ya kushonea makochi mkononi na sikujua niichome wapi. Haitham akamvuta mwanawe, akampakata, akauficha uso wake nyuma ya ile mikia isiyolingana. Alikuwa analia, na hakuna aliyemtania.

Jenerali akachukua chupa ammiminie kahawa nyingine ya moto. Ilikuwa imekwisha. Basi akainama, magoti yakamlalamikia, akakiokota kikombe kilekile na kumpa kwa mkono wa kulia.

— Kunywa kahawa yako, Abu Sundus. Umepata ulichokijia.

Haitham akainywa baridi hivyohivyo, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba imetosha.

— Sasa niwarudishe wanasesere? akauliza Sundus.

— Warudishe, mama, akasema Jenerali. Na bibi akiuliza, mwambie nimesema mimi.