Shikamoo, Mashine

Hivi wewe unayesoma hapo, ukiambiwa uchague kati ya kidole chako na kibarua chako, utabaki na kipi? Usijibu haraka. Swali hilo lilitua kijiweni kwetu Ijumaa jioni, kwenye benchi la mbao zilizokataliwa kiwandani, mbele ya kibanda cha Betri, fundi simu. Tulikuwa wanne: Betri mwenyewe, Jaji, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku, Kumi, anayeitwa hivyo kwa kuwa ndiye mkata mbao pekee mtaani aliyebaki na vidole vyote, na mimi, Digrii, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichonacho. Miaka minne nimesomea mitambo inayojiendesha. Huu mwaka wa tatu najiendesha mwenyewe, kutoka kitandani hadi benchi. Birika la kahawa lilikuwa katikati, lakini Kumi hakugusa kikombe. Alitoa karatasi mfukoni.

— Jumatatu saa moja nisaini hii. Nisiposaini, nibaki nyumbani.

Jaji akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Mimi niliyetia saini nakubali kuitumia mashine kama ilivyo, na litakalonipata ni juu yangu."

— Kama ilivyo, ikoje? nikauliza.

— Ilikuja na jicho, Digrii, mbele ya msumeno. Mkono ukisogea tu, msumeno unasimama papo hapo. Wiki ya kwanza tulifurahi kama watoto. Halafu likaanza kuusimamisha hata pasipo mkono. Leo mara nne, kesho mara ishirini. Msimamizi akaona mbao hazitoki, akamwita fundi umeme, akaunganisha waya pembeni. Sasa jicho lipo, ila haliulizwi kitu. Msumeno unakata tu.

— Na mkono ukiteleza?

— Si umesomewa karatasi?

Jaji akakohoa, ishara kwamba hukumu inakuja.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi mlimpa jembe siku ya kwanza. Jicho limechoka.

— Jicho la mashine halichoki, mzee wangu, nikamwambia. Linarusha mwanga. Mwanga ukikatizwa, breki inashika. Simple logic. Wataalamu wanaliita pazia la mwanga.

— Basi wamewauzia feki! Wahenga walisema macho hayana pazia.

Betri akaweka chini bisibisi.

— Niwaambie ukweli? Simu zote ninazofungua hapa zina jicho la mbele, na zote ni wambea. Hilo linamhesabu Kumi: amejikuna mara ngapi, amepiga miayo mingapi. Likijaa, linasimamisha kazi ili lipeleke ripoti.

— Lipeleke wapi?

— Msomi ni wewe, unaniuliza mimi?

— Kumi, unavaa glovu za rangi gani? Jaji akauliza.

— Nyeusi.

— Nilijua. Hilo jicho kwao lilizoea mikono mitupu. Likiona mkono hauna kucha, linadhani ni jini.

— Lakini linasimamisha hata kama hakuna mkono, Jaji.

— Ndiye jini mwenyewe sasa!

Kumi akainamisha kichwa.

— Msinicheke. Zamu yetu huwa tunaisalimia.

— Mnasalimia nini?

— Mashine. Kuna asubuhi, kabla ya ule waya, mmoja wetu aliiambia shikamoo kwa utani, ikakata hadi mchana bila kusimama. Tangu siku hiyo tunapanga foleni. Hata msimamizi akipita huinama, anajifanya anafunga kamba za viatu.

Kahawa ikanitokea puani. Betri hakucheka, alitaka kujua kweli.

— Ilitengenezwa lini?

— Mwaka jana.

— Watu wazima na ndevu zenu mnamwamkia mtoto mchanga! Lazima ishtuke. Mkubwa akikuamkia, si unajua umefanya kosa?

Hapo nami nikapanda jukwaani. Nikawamwagia urefu wa mawimbi, nikawamwagia feedback loop, nikapita kwenye umeme usiotulia, nikafika mpaka kwenye miale ya jua inayopenya dirishani saa tisa. Trust me, nikasema, hili ni suala la calibration. Jaji alitikisa kichwa kwa heshima anayompa mtu asiyemwelewa.

Dada yake Kumi, fundi cherehani, alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. Alikuja kuchukua ufunguo wa nyumba.

— Mdogo wangu, huko kiwandani si kuna vumbi la mbao?

— Dada, kule ukipiga chafya unatoa ubao.

— Na hilo jicho hufutwa na nani?

Betri akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake.

— Mama wa usafi, Kumi akasema, yeye hufagia sakafu, mashine haruhusiwi kuigusa. Fundi umeme huitwa ikiharibika. Sisi tumekatazwa kupita mbele ya msumeno.

— Sikuuliza nani hafuti. Cherehani yangu naipangusa kila asubuhi, na sijawahi kuiamkia.

Akanigeukia mimi. Miaka minne, mitihani thelathini na miwili, na swali hilo halikuwamo katika hata mmoja. Nikanywa kahawa iliyopoa, ili mdomo upate kazi. Dada akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba wake.

— Hii inakaa kwangu mpaka wanijibu.

— Dada, Jumatatu watanifukuza!

— Bora nikulishe mimi ukiwa na mikono.

Haya, wenye kiwanda, nawaambia nyinyi, maana msimamizi wenu yuko kwenye kamba za viatu. Jumatatu saa moja kamili, kabla hamjamsogezea mtu kalamu, zimeni mashine, ng'oeni ule waya, mlirudishie jicho kazi yake. Kisha leteni karatasi nyingine, yenye jina la mtu mmoja anayelipwa kulifuta kila asubuhi. Mkikosa jina, andikeni la mkurugenzi, mumpe kitambaa.