Tuliukata Ukingo wa Ndiva kwa Ajili ya Gesi

Mgeni rasmi, Ndugu Kamishna wa wizara inayoshughulikia gesi, ndugu viongozi, wananchi wenzetu,

Sisi wanakijiji wa Tusongembele, milimani juu ya Makanya, tunakukaribisha. Anayesoma ni mimi, Asnath, katibu wa akina mama. Utuwie radhi, karatasi imefutwafutwa. Risala hii ilikuwa ya shukrani mpaka asubuhi hii, ulipotuambia kwenye chai kwamba gesi ya kusini itapozwa mpaka iwe maji, ipakiwe melini, iuzwe ng'ambo. Chai ilitushinda.

HISTORIA
Mwaka jana redio ilitangaza kwamba gesi imepatikana kusini. Athumani, mkata mkonge mwenyeji wa kusini tunayeishi naye hapa, akathibitisha. Kisha ofisa mmoja akasema mkutanoni Same kwamba gesi hiyo ni mali ya kila Mtanzania. Nasi ni Watanzania. Tuliporudi baragumu likapigwa, kijiji kizima kikatoka msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kuchimba mtaro wa bomba, kutoka stesheni ya Makanya, ambako tuliamini gesi ingefikia, mpaka huku jikoni kwetu.

MAFANIKIO
Mtaro umekamilika. Hapa tulipanga watu wapige makofi, lakini basi.

MATATIZO
Juu kidogo tulikuta ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na kando zote ni majabali, hakuna pengine pa kupitisha mtaro. Mzee Fanueli ndiye mtunza ndiva, na babu yake ndiye aliyeijenga. Akasema, "Kama ni kwa ajili ya taifa, kateni." Tukaukata ukingo. Maji yote yakateremka. Sasa tangawizi na maharage vinakauka, na mzee wetu haongei na mtu. Ndugu mgeni rasmi, kumbe taifa halikuwa limetuomba. Hilo linatuuma kuliko njaa inayokuja.

MAOMBI
Hatupingi gesi kuuzwa, nchi inahitaji fedha za kigeni. Kuni tumezizoea. Ila watu wa kusini msiwasahau, Athumani amesisitiza. Sisi tunaomba saruji na fundi, ukingo uzibwe kabla ya vuli. Mvua ikipita bila kukingwa, mwakani hatuli.

Kazi tutaanza wenyewe kesho alfajiri, na tunajua unalala hapa. Tangu asubuhi Mzee Fanueli amesema jambo moja tu: "Mgeni achimbe pamoja nami." Jembe lako tumeshalitia mpini.

Mungu akupe usingizi mwema na mikono yenye nguvu.

Ni sisi,
Wanakijiji wa Kijiji cha Ujamaa Tusongembele, Same