Macho ya Mwalimu Kamera

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, na nyinyi mliosoma kwake mkakoma kuibia mitihani, familia imemkabidhi mpwa wa marehemu kazi ya kuwasomea haya, kwa kuwa ana digrii, na ana nafasi, maana ajira imemsahau.

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mwalimu Kamera, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 katika nyumba iliyo nyuma ya shule ya msingi, akasoma hapohapo, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu chuo cha ualimu, enzi ambazo cheti kilimpa mtu kazi, si pambo la ukutani. Alifundisha hesabu hadi alipostaafu mwaka 2021. Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa mshona sare za shule, mama yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 alianza kukonda huku akila chakula cha watu wawili, mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio akiwa amekaa tu, na zahanati ikamwambia ni stress, anywe maji, full stop, mpaka macho yalipomtoka ndipo akapelekwa kliniki ya tezi ya shingo ya hospitali kubwa, inayofunguliwa Alhamisi peke yake, ambako daktari bingwa alisimama nyuma yake, akamgusa shingo kwa vidole, akampa maji ameze, akasema tezi hii inafanya kazi kupita kiasi. Alipewa vidonge, kisha akapasuliwa, shingo ikapona, lakini macho hayakurudi ndani, kope hazikukutana tena, na daktari aliposhauri kuzishona kidogo pembeni, marehemu alikataa, akisema hawezi kusimamia mtihani akiwa dirisha lililofungwa nusu.

Tangu hapo alilala macho wazi. Kila usiku mama alimpaka dawa ya macho, na kwa kuwa hakuweza kujua kama bado yuko naye, alimuuliza, Baba, umelala, naye akajibu, Nimelala, wakacheka. Ikaja siku akamuuliza katikati ya mkoromo, mkoromo ukakatika, jibu likatoka lilelile, mkoromo ukaendelea, na kulipokucha mzee hakukumbuka chochote, akasema, mama watoto, unahoji watu usingizini kama polisi. Mama hakucheka tena, ila hakuacha kuuliza, maana hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mumewe ataondoka akiwa anamtazama, na yeye asijue.

Moyo uliokimbizwa muda mrefu kabla ya matibabu ulichoka, akalazwa mwezi Februari. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, muuguzi alipita akamsalimia kwa kuona yuko macho, mfanya usafi akamwambia, mzee leo umeninunia, mama akaja na chai, akamsimulia ya wajukuu, akamuuliza, Baba, umelala, akajibiwa, Nimelala, akaweka chai kando asimsumbue. Daktari bingwa alipofika, alimgusa shingo palepale pa siku ya kwanza, akasema huyu ameondoka tangu alfajiri. Mama hakubishana, alisema tu kwamba amejibiwa, na mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye hatuna sababu ya kumwita mwongo, akasema naye amesikia.

Familia inamshukuru daktari bingwa na wauguzi wa kliniki ya tezi, majirani mlioleta viti, na walimu wenzake, na walewale wa stress nao tunawasalimu.

Jambo la mwisho. Waliomwandaa wameshindwa kumfumba macho, na mama amekataa kifuniko cha jeneza kifungwe kabla hajamuuliza. Tunaomba simu zizimwe, watoto watulizwe, na nyinyi wa mbele, mkisikia chochote, msikimbie, na msimdanganye mama kuwa hamkusikia. Kukiwa kimya, tutazika. Kusipokuwa kimya, tutakaa, hatuna haraka.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, mtihani umekwisha, karatasi zimekusanywa, mama anasogea sasa, na akikuuliza, tafadhali, usijibu.